Nilimzimia jirani umeme kwa sababu ya sabufa

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaaga hapa nikasema naenda fildi Karatu wiki nane, na kwamba nitakuwa naandika kila Jumapili. Jumapili zikapita zote nane, sijaandika hata mstari mmoja. Mnisamehe. Nimerudi chuo wiki iliyopita, begi bado sijalimaliza kulipangua, na kabla mihadhara haijapamba moto nimeona nilitoe hili moyoni maana linanikera. Linanikera kwa sababu safari hii mwenye makosa ni mimi mwenyewe. Au tuseme zaidi ya nusu ni yangu.

Niseme mapema ninachoamini, halafu nieleze nilivyofika hapo. Ugomvi wa muziki kwenye nyumba za kupanga mara nyingi si ugomvi wa muziki. Ni ugomvi wa ratiba. Ukienda kumwambia jirani "punguza sauti" kabla hujajua yeye analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, umeanza na mwisho. Utapata kelele mara mbili, ya sabufa na ya mdomo.

Haya, sasa kisa chenyewe.

Karatu kwa wasiopajua ni ule mji unaoupita ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro. Unapita Makuyuni, unapita Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara, halafu unaingia kwenye mashamba ya ngano, mahindi na kahawa, na hapo unaanza kuona vibao vya nyumba za wageni kila kona. Ukiendelea kama nusu saa hivi unafika lango la Lodoare, unaingia hifadhini. Kwa hiyo mji mzima unaishi kwa saa za hifadhi. Msimu wa watalii, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, alfajiri utasikia magari ya watalii yakiunguruma kabla jogoo hajamaliza kazi yake. Na baridi yake jamani! Mwezi wa saba nilikuwa nalala na soksi na koti, mtoto wa pwani mie.

Nilipata chumba kwenye jengo la ghorofa moja. Vyumba vinne chini, vinne juu, choo ndani, kodi miezi miwili kwa mkupuo kwa sababu baba mwenye nyumba alinionea huruma (wengine wote walilipa miezi sita). Kwa nje limepakwa rangi nzuri, vigae vinang'aa. Ila kuta za kati ni za tofali nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya, jirani anakuambia "pole". Vyumba vya chini vina luku yao, vya juu tuna yetu, tunachangishana. Meinswichi ya juu iko ukutani pale ngazi inapoishia, mlango wa kwanza kabisa ukiwa ni wangu. Kumbukeni hiyo meinswichi.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa dereva wa watalii. Jamaa wa miaka kama thelathini, mpole, mtu wa salamu. Wiki ya kwanza sikumwona kabisa, alikuwa porini. Siku aliporudi ndiyo nikamjua, maana kabla sijauona uso wake niliisikia sabufa yake.

Wadau, ile si redio. Ni sabufa yenye spika mbili ndefu, ile inayotikisa vikombe. Ilianza saa 2 usiku, Bongo Fleva kwanza, baadaye singeli. Mimi niko mezani na ripoti ya siku, kila besi ikipiga, kalamu inacheza. Nikasema ah, siku moja tu, karudi safari, aache afurahi. Kesho yake tena. Kesho kutwa akaondoka, kimya siku tano kama makaburini. Kisha akarudi, na singeli ikarudi naye.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mtajitambua humo humo. Siku ya kwanza nilinyamaza nikakunja uso. Ya pili nikagonga ukuta na ufagio. Ya tatu nikafungulia redio ya simu yangu sauti yote, kana kwamba simu inaweza kushindana na sabufa. Ya nne nikaanza kumsema kwa wapangaji wengine. "Huyu jamaa hana ustaarabu." "Huyu hajasoma huyu." Yaani katika mambo yote hayo manne hakuna hata moja ambalo mwenyewe aliambiwa. Tukikutana kwenye ngazi asubuhi, "mambo dogo", "poa kaka, za safari?", nzuri, kila mtu na njia yake. Nilikuwa nataka ajue nimekasirika bila mimi kumwambia. Nadhani Watanzania wengi tuko hivyo. Tunaona haya kumkabili mtu kwa maneno mawili ya adabu, ila hatuoni haya kumchukia mwezi mzima.

Na hapo niwachekeshe kidogo: mimi nasoma mazingira. Kelele ziko kwenye masomo yangu! Nimefanya mtihani wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Najua kwamba zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, kwamba zinatofautisha mchana na usiku na zinatofautisha eneo la makazi na eneo la viwanda. Najua desibeli hazijumlishwi kama machungwa: ikipanda kumi, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Najua Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, yaani kama mnong'ono. Yote najua. Halafu ikaja siku ya kuyatumia, nikatumia ufagio.

Ile siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kesho yake nilitakiwa kumwonyesha msimamizi wangu rasimu ya ripoti, na nilikuwa sijafika hata nusu. Jamaa alirudi jioni, gari limejaa vumbi. Saa 3 sabufa, saa 4 sabufa, saa 5 sabufa. Nikatoka na ndala zangu polepole, nikafungua kile kisanduku pale kwenye ngazi, nikashusha meinswichi. Kah! Ghorofa yote ya juu giza.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyetoka. Kila mtu alidhani umeme umekatika, au luku imeisha na ataongeza kesho. Si tumezoea? Jamaa nilimsikia anasema "aisee" mara moja, akacheka, kikapita kimya. Nikawasha tochi ya simu, nikaandika ripoti mpaka saa 7 usiku. Sitawadanganya, nilijisikia mshindi.

Asubuhi saa 1 kasoro nikasikia mlango wa jirani unafunguliwa kwa kishindo, mtu anakimbia kwenye ngazi, anaongea na simu ya kuazima, anaomba samahani. Anaomba samahani kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, halafu tena kwa Kiingereza.

Kumbe jamaa alitakiwa kuchukua wageni wengine saa 11 alfajiri. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na wageni wengi wanataka kuwa wa kwanza kushuka kreta, kabla jua halijawa kali na wanyama hawajaenda vivulini. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo, akaichomeka ukutani akiamini itajaa na itamwamsha saa 10. Nilipozima umeme, simu ikafa usiku. Wageni walisubiri hotelini zaidi ya saa nzima, kampuni ikatuma dereva mwingine. Yeye akawekwa benchi safari mbili. Na madereva wengi wa namna yake hawana mshahara wa mwezi, wanalipwa kwa siku walizoendesha, pamoja na bahshishi ya wageni. Safari mbili msimu wa mwezi wa nane si kitu kidogo. Baadaye nikaja kujua kwamba sehemu ya ile pesa ilikuwa ada ya mdogo wake aliyeko chuo cha ualimu. Mwanafunzi kama mimi!

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Niseme ukweli, nilipanga kuondoka nayo. Aliyenikamata ni mama wa chumba cha chini, anauza maandazi na chai pale mbele. Yeye anaamka saa 9 usiku kila siku kukanda unga. Jumamosi nimeenda kunywa chai, akanimiminia, akakaa, akasema taratibu bila kuniangalia: "Mwanangu, ndala zako nazijua. Zilipita kwenye ngazi usiku ule, halafu taa za juu zikazima. Za chini zilikuwa zinawaka." Nikabaki na andazi mdomoni. Akasema tena, "Kamwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Nikaenda. Nilijitayarisha kupigwa, sijui kama mnanielewa. Hakunipiga. Aliniangalia tu muda mrefu, akasema, "Sasa dogo, si ungegonga mlango?" Basi. Nilijitetea nikasema niligonga ukuta. Akasema, "Nilifikiri unapigilia msumari."

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu wote kwa mara moja. Wiki tano nilikuwa kwenye vita na mtu ambaye hakujua kama kuna vita.

Jumapili jioni mama wa maandazi akamwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja mtaratibu sana, mkulima. Tukakaa kwenye benchi la chai: mzee, mama, mimi, jirani, na wapangaji wengine wawili. Mimi nikaanza kujitetea kisomi, nikataja sheria ya 2004, nikataja kanuni za 2015, nikataja desibeli. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka kidogo akasema, "Vizuri. Sasa nambie, wewe unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi?" Akamgeukia jirani, swali hilo hilo. Akamgeukia mama. Akawauliza na wale wengine.

Wadau, kile ndicho kikao kifupi na chenye akili kuliko vyote nilivyowahi kukaa, na humu chuoni nimekaa vingi. Kwa dakika kumi tukajua mambo ambayo hatukuyajua kwa miezi. Mama anaamka saa 9 usiku, kwa hiyo analala saa 2. Binti wa chumba cha tatu anafanya kazi baa, anarudi saa 8 usiku na analala mpaka saa 5 asubuhi. Jirani akiwa na safari anaamka saa 10 alfajiri. Na mimi? Mimi ninasoma usiku na nina kengele ya simu ya saa 10 na nusu ambayo naiahirisha mara tano ndipo niamke saa 12. Jirani akasema, "Mzee, hiyo kengele ndiyo inaniua. Siku nisizo na safari ndizo siku zangu za kulala." Yule binti akaongeza kwamba Jumamosi asubuhi mimi na wenzangu wa fildi tunabishana kibarazani mpaka anaweka mto kichwani. Kumbe na mimi nilikuwa sabufa ya mtu!

Na jirani akaeleza la kwake. Nalinukuu ninavyolikumbuka maana lilinigusa. Alisema, "Mi kazi yangu ni kunyamaza. Siku sita niko na wageni. Nikikuta simba nazima injini, naongea kwa kunong'ona. Honi hapana, muziki hapana. Jioni wageni wanalala mapema, na mimi nanyamaza. Nikirudi kwangu nikafungulia muziki, ndio najua nimefika nyumbani."

Fikirieni hilo. Mtu huyo huyo ninayesema hana ustaarabu, kule kreta anakaa nusu saa bila kukohoa ili faru asishtuke. Wote wanaofanya kazi ile wana nidhamu ya sauti kuliko sisi. Kwa nini anaiweza kule, hapa haiwezi? Mimi nadhani jibu ni rahisi. Kule aliambiwa. Ngorongoro ni hifadhi tangu 1959, ina masharti yake: spidi hii, usitoke kwenye barabara, usipige kelele, saa 12 jioni uwe umeshatoka kreta. Kila mtu anayajua kabla hajaingia langoni. Nyumba yetu ya vyumba vinane je? Tulipewa funguo, tukaonyeshwa luku, tukaambiwa tarehe ya kodi. Kuhusu sauti hakuna aliyeambiwa neno. Kila mtu akaweka sheria yake kichwani halafu akamkasirikia mwenzake kwa kuivunja.

Na jambo lingine lilinipa baridi kuliko hali ya hewa ya Karatu. Barabara ya kushuka kreta upande wa Seneto ina kona na mteremko mkali, kutoka ukingoni mpaka chini ni kama mita 600. Dereva aliyekosa usingizi kwa sababu ya kengele yangu, au niliyemzimia umeme akaamka ana haraka na hasira, anashuka pale na watu sita nyuma yake. Tunachukulia usingizi wa jirani kama anasa yake binafsi. Mwingine usingizi wake ndio breki za gari.

Basi, tukaandika makubaliano kwenye karatasi ya kaunta buku, tukabandika pale pale juu ya meinswichi. Sabufa mwisho saa 3 usiku siku za kazi, saa 4 siku ya Jumamosi. Atakayekuwa na safari ya alfajiri anaandika kwenye karatasi, usiku ule kila mtu anatulia mapema. Kengele inalia mara moja. Mabishano ya kisomi yahamie kwenye benchi la chai baada ya saa 5 asubuhi. Na mtu asiguse meinswichi bila kugonga milango yote minne, hiki kifungu kiliandikwa kwa ajili yangu, teh teh teh. Mimi nikaamuliwa nimfidie jirani sehemu ya alichopoteza, nikatoa kwenye hela ya kujikimu kwa awamu mbili. Wiki ya mwisho nilishindia ndizi na chai, na sikulalamika.

Tukafanya na la kiufundi. Ile sabufa ilikuwa imekaa sakafuni, kwenye pembe, imegusa ukuta wangu. Sauti nyembamba huzuiliwa na ukuta, ila besi haizuiliki kirahisi. Wimbi lake ni refu, besi ya hezi 50 wimbi moja ni karibu mita 7, pazia na godoro kwake si kitu. Na ukiiweka kwenye pembe unaiongezea nguvu bure. Tukaihamishia ukuta wa nje, tukaiinua juu ya vipande vya mpira wa tairi, akapunguza kitufe cha besi peke yake. Muziki aliendelea kuusikia vizuri tu. Mimi nikabaki nasikia kama mtu anayepita mbali na ngoma. Kazi ya dakika ishirini! Wiki tano za chuki, dawa yake ilikuwa vipande vinne vya tairi bovu.

Sasa najua kuna atakayesema, "Wewe ulipata jirani mwelewa, wa kwangu ni sugu." Nakubali wapo. Kwa hao nina maoni yangu, na nayapanga kwa ngazi.

Kwanza, nenda mwenyewe, mchana, mikono mitupu. Usiende usiku wakati muziki unapiga na damu inachemka, wala usiende na wapangaji watano nyuma yako kama maandamano. Usianze na "unanisumbua". Anza na salamu, uliza kazi zake, sema na ratiba yako. Omba kitu kinachopimika: saa fulani, siku fulani, besi. "Punguza kidogo" haina maana, kidogo chako si kidogo chake.

Pili, mwenye nyumba. Hapa nasema kwa sauti. Wenye nyumba wanatuuzia vigae wanatunyima ukuta. Anajenga vyumba vinane vya tofali nyembamba, anaishi mji mwingine, halafu wapangaji wakigombana anasema "elewaneni". Mkataba una mistari kumi kuhusu kodi, hauna mmoja kuhusu utulivu. Wanafunzi wenzangu tunaopanga nje ya chuo, kabla hujatoa hela gonga ukuta na uulize nani anaishi upande wa pili. Na mwombe aandike saa za utulivu kwenye mkataba. Haimgharimu hata shilingi.

Tatu, mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Tunawadharau sana hawa tukishaanza kusoma. Tunawakumbuka siku ya kugongewa muhuri wa barua. Mabalozi wa nyumba kumi walianza enzi za TANU, miaka ya 1960, na pamoja na siasa zake zote, wazo la kwamba kuna mtu wa karibu anayejua nani anaishi wapi halijapitwa na wakati. Juu yao kuna baraza la kata. Ile Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inasema kazi ya msingi ya baraza ni kuleta amani na utulivu kwa kusuluhisha. Kusuluhisha ndiyo kazi yenyewe, adhabu zinakuja nyuma.

Nne, ndipo sheria za mazingira na polisi. Sisemi hazifai. Kama kero yako ni baa au ukumbi unaokesha, hiyo ni biashara, ina leseni, usipoteze muda kubembeleza. Nenda kwa ofisa mazingira wa halmashauri, nenda NEMC. Mwaka 2022 NEMC walifungia baa na kumbi nyingi za starehe kwa sababu ya kelele, watu wakashtuka kwamba kumbe kanuni zinauma. Ila kwa mpangaji mwenzako, ukianza na polisi umemaliza. Hata Uingereza, ambako tangu 1996 wana sheria ya kelele za usiku inayoruhusu halmashauri kubeba vyombo vyako vya muziki, ushauri wa kwanza wanaompa mlalamikaji ni huo huo: umeongea na jirani yako? Polisi ataondoka saa ile ile. Wewe na jirani mtakutana kwenye ngazi kesho, na kesho kutwa, na siku ukiugua usiku yeye ndiye atakayesikia unakohoa, maana ukuta ni ule ule.

Humu chuoni tunajisahau. Hosteli tulibebana, watu sita chumba cha watatu, na bado tulilala. Tuliweza kwa sababu ratiba yetu ilikuwa moja: mtihani wa mmoja ni mtihani wa wote. Mtaani hakuna ratiba moja. Kuna anayekanda unga saa 9 usiku, kuna anayerudi kazini saa 8, kuna anayewahi lango la Lodoare. Usipouliza hutajua, na usipojua utamwita mtu mshenzi bure.

Siku naondoka Karatu jirani alikuwa porini. Nilimwachia ujumbe kwenye ile karatasi juu ya meinswichi, nikamtakia safari njema. Juzi akanitumia meseji: chumba changu kimepata mpangaji mpya, ana gita. "Nimeenda kumgongea mlango siku ile ile," akasema.

Haya, ni hayo tu kwa leo. Jamaa wa chumba cha juu hapa hosteli ameanza kuburuza viti na ni saa 5 usiku. Kesho asubuhi nitapanda nikamsalimie.